Moto wa Bluu wa Mzee Ombati

Kila mkija likizo mnaniuliza swali hilo hilo: "Nyanya, serikalini ulikuwa unafanya kazi gani?" Haya, leo kaeni mnisikilize. Kazi yangu ilikuwa kulisha shimo. Wewe wa nyuma, acha kucheka. Ukicheka tena utaenda kuchambua mboga za chinsaga peke yako, na mimi nitanyamaza.

Shimo lenyewe lilikuwa kwenye kituo cha kufundishia wakulima, upande wa Mosocho. Lilijengwa kwa matofali na simiti, likafunikwa kwa pipa kubwa la chuma lililopinduliwa mdomo chini. Kila asubuhi nilichukua ndoo ya mavi ya ng'ombe na ndoo ya maji, nikavuruga kwa mkono mpaka yakawa kama uji mwepesi, nikamwaga ndani. Huko yalichacha. Yakichacha yanatoa hewa, hewa inainua pipa kama unga ulioumuka. Ukiipitisha hewa hiyo kwenye bomba mpaka jikoni, ukafungua koki na kuwasha kiberiti, unapata moto wa bluu usio na moshi. Wakubwa waliiita gesi ya samadi. Mimi niliita mavi, kwa sababu mikono iliyonuka ilikuwa yangu, si yao.

Shule nilifika darasa la pili. Kiswahili hiki mnachonisikia nacho nilikiokota hapo kazini, na kazi yenyewe nilifundishwa na fundi mmoja Kalasinga kutoka Kisumu, mzee wa kilemba na ndevu nyeupe, aliyesema kwao India mashimo kama hayo ni kitu cha kawaida.

"Mama Kerubo," aliniambia siku moja pipa lilipokataa kupanda, "hii si shimo. Hii iko tumbo ya ng'ombe. Ng'ombe nakula nini?"

"Nyasi na maji."

"Nakula sabuni?"

"Hapana."

"Basi kwa nini wewe napatia yeye sabuni?"

Kumbe nilikuwa nimesuuza ndoo kwa sabuni ya unga. Pipa lilinuna kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo najua, na nyinyi mjue: shimo la gesi halitaki sabuni, halitaki dawa ya kuogeshea ng'ombe, halitaki mabua marefu. Toa mabua kwa mkono, usione kinyaa. Moto ukiyumbayumba ujue bomba lina maji, lifungue pale chini yatoke. Wakati wa mvua, baridi yetu hii ya Kisii inalilaza shimo usingizi, basi livishe majani makavu ya migomba kiunoni. Na ukitaka kujua bomba linavuja wapi, paka povu la sabuni kwa nje uone mapovu yanapocheza. Usitafute kwa kiberiti. Kuna karani alitafuta kwa kiberiti. Nyusi zake zilichukua muda kurudi.

Mtauliza serikali ilitaka nini na mavi yetu. Hata mimi niliuliza. Ilikuwa miaka ya sabini, mafuta ya taa yamepanda bei, na tuliambiwa ni Waarabu wamefunga mafuta. Nikauliza Waarabu wamekosana na sisi lini. Basi kila mtu wa ofisi akaja na moto wake. Mmoja alisema tupande mikaratusi, viwanda vya chai vichome kuni badala ya mafuta. Mwingine akaja nyuma yake akasema tung'oe mikaratusi, inakunywa maji ya chemchemi. Wa tatu alisimama hapo kituoni akatuambia karibuni magari yatakunywa spiriti ya miwa. Mama mmoja wa Mosocho akainua mkono: "Sasa kama serikali inataka spiriti, mbona chifu anaimwaga yangu?" Yule bwana akasema hilo ni swali zuri, akaingia garini.

Nawaambia hivi mjue tulikuwa watu waliochanganyikiwa, na waliotufundisha walikuwa wamechanganyikiwa kutushinda, ila wao walikuwa na tai.

Afisa wetu aliitwa Bwana Mutiso, kijana Mkamba, mpole, mchapakazi, anayetembea haraka kama mtu anayefukuzwa na mvua. Kigusii hakujua hata salamu. Alipokwenda kwa wakulima alinichukua mimi, mpishi wa maonyesho na mkalimani wake. Nilikuwa napika ugali kwenye moto wa bluu watu waone, na yeye akisema nageuza maneno yake kwa Kigusii.

Ukalimani una sheria moja, na sheria hiyo ndiyo itakayonibeba mbele huko, kwa hiyo ishikeni. Maneno si yako. Mwenzako akisema upumbavu, unaufikisha upumbavu ulivyo. Kule Marani Bwana Mutiso alimjengea mzee mmoja mtambo, akamweleza kwamba gesi iko ndani ya pipa. Tuliporudi tukakuta pipa limetobolewa kwa msumari.

"Mzee, umetoboa kwa nini?" Bwana Mutiso karibu alie.

"Nilitaka kuiona."

"Gesi haionekani!"

"Haionekani? Sasa mbona mnasema mmeniletea kitu?"

Nilifikisha yote, kwenda na kurudi, bila kuongeza chumvi. Hiyo ndiyo kazi.

Sasa nije kwa Mzee Ombati wa Ekerenyo, maana hapo ndipo kazi yangu iliishia.

Kituo kiliambiwa kichague boma moja la mfano. Wageni kutoka mkoani wangekuja, pamoja na watu wa kampuni iliyotengeneza yale majiko ya gesi, waone moto ukipika chakula cha boma zima. Wakiridhika, mitambo ingejengwa kila mahali. Wasiporidhika, basi. Bwana Mutiso akachagua boma la Mzee Ombati, kwa sababu lilikuwa karibu na barabara na mimi nilikuwa nalijua. Mume wangu alikuwa wa ukoo ule ule, wa rika la mwana wa mzee.

Mzee Ombati alikuwa mjane, mtu mrefu wa maneno machache. Alikuwa na ng'ombe, chai kidogo na migomba. Mwanawe alifanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Kericho, na mke wa mwanawe, Moraa, binti wa watu wa Marani, ndiye aliyebaki nyumbani na mtoto mgongoni, akimpikia mzee.

Nyinyi watoto wa mjini mmesahau ensoni, kwa hiyo nitaieleza. Kwetu kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe kuna heshima kama ukuta. Haingii nyumbani kwa mwanawe, wala jikoni. Hawashikani mikono. Mwanamke hamtajii baba mkwe mambo ya mwili. Na choo chao si kimoja. Hata njia ya chooni, mmoja akiona mwenzake anaishika, anageuka anajifanya anatafuta kuni.

Jiko la gesi likawekwa jikoni kwa Moraa. Mzee akawa na shimo, ana ng'ombe, ana bomba, lakini moto wenyewe hakuwahi kuuona, maana haingii humo. Alikuwa akisimama kwa mbali, ananiuliza: "Mama Kerubo, huo moto wangu unaendeleaje?" Namwambia, nikimwita baba kwa Kigusii: "Unaendelea vizuri, tata." Anacheka kidogo, anaenda zake.

Lakini gesi ilikuwa haitoshi. Ng'ombe wa mzee walichungwa mchana kutwa, na mavi mengi yalibaki malishoni. Moto ulichemsha chai ya asubuhi, ukija kwa ugali unalala katikati. Bwana Mutiso akaona wageni wanakaribia. Wiki niliyokuwa Mosocho nikilisha shimo la kituo, yeye alikwenda Ekerenyo na waashi, akamjengea mzee choo kipya cha simiti, chenye mlango wa mbao na kitasa. Mzee alifurahi mno. Ekerenyo nzima hakukuwa na choo kama hicho. Watu walikuwa wanakuja kukitazama.

Niliporudi nikakuta moto ni mkubwa, na Moraa hautumii. Amerudi kwenye mafiga yake matatu na kuni mbichi, macho mekundu kwa moshi, jiko la gesi limefunikwa kwa gunia.

"Limeharibika?" nikamuuliza.

"Halijaharibika."

"Sasa?"

Akanipeleka nyuma kwenye migomba kama anayekwenda kuchuma mboga. Akanyoosha mguu, hakunyoosha kidole, akafukua majani kwa kidole cha mguu. Nikaona bomba. Nikalifuata kwa macho. Upande mmoja lilikwenda shimoni. Upande wa pili lilikwenda kwenye choo kipya cha mzee.

"Mama Kerubo," Moraa akasema polepole, "mimi nipikie tata na moto huo?"

Jibu la swali hilo hata leo hamjanipa.

Basi kukawa na mambo. Mzee alisikia kwamba serikali imewasha moto mkubwa jikoni kwa mkaza mwana wake, na mkaza mwana amekataa kuutumia. Akamtuma mtoto wa jirani amuulize sababu. Moraa akajibu hakuna sababu. Angejibu nini? Atamke choo cha baba mkwe wake? Mzee akachukulia ni dharau. Kwamba amechoka kumpikia, kwamba anaaibisha boma mbele ya wageni. Akaacha kula chakula chake. Sahani inapelekwa mlangoni kwake, inarudi vile vile. Akala ndizi za kuchoma alizochoma mwenyewe, mtu mzima, kwenye majivu. Kisha akasema wazi mbele ya ndugu zake: wageni wakiondoka, atawaita kaka za huyu msichana waje kutoka Marani wamchukue dada yao.

Moraa alilia kwangu. "Nikisema, nimemvua nguo tata. Nisiposema, narudishwa kwetu. Na mtoto huyu je?"

Mimi mwenyewe, kwa ukoo wa mume wangu, nilikuwa kama mke wa mwana wa Ombati. Ukuta ule ule ulikuwa mbele yangu.

Kwanza nikaenda kwa Bwana Mutiso. Nikamweleza ensoni mwanzo mpaka mwisho. Akasikiliza, kichwa amekiinamisha, mkono kidevuni.

"Lakini Mama Kerubo, gesi haina baba mkwe."

"Mavi yanaye."

"Kikifika kwenye jiko si mavi tena. Kimegeuka."

"Kimegeuka lini? Nionyeshe mahali kwenye bomba kinapogeukia, nimwambie Moraa aweke alama."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuna kichwa kweli kweli. Akasema hawezi kukata bomba kabla ya wageni, bila gesi ya choo ugali hauivi, na ugali usipoiva kituo kinafungwa na sote tunarudi nyumbani. Hapo alisema kweli.

Nikaenda kwa shemasi wa kanisa letu la Sabato, rika la Mzee Ombati. Akafikiri. Akasema moto husafisha. Nikashusha pumzi. Kisha akasema, lakini kuna vitu ambavyo hata moto hauvisafishi. Nikamuuliza hiki ni cha kundi gani. Akasema ataomba. Nikamwambia basi ukamwambie mwenzako Ombati, wewe ni mwanaume wa rika lake, unaweza kutaja choo. "Nikamwambie nini?" akaniuliza. "Kwamba kuna kosa? Mimi sijui kama kuna kosa."

Nikaenda kwa mama yangu mzazi. Yeye akaniuliza: "Ile migomba iliyoota juu ya shimo la choo cha zamani, ndizi zake tunakula ama hatuli?"

"Tunakula."

"Na choo kilikuwa cha nani?"

"Cha babu."

"Na wake za wanawe wanakula?"

"Wanakula."

Nikadhani ameniokoa. Nikasimama niende. Akaniita nyuma: "Lakini ndizi inachukua mwaka. Huo moto unachukua muda gani?" Nikakaa tena chini.

Ndivyo nilivyofika siku ya wageni, kichwa kimejaa majibu na hakuna hata moja la kushika. Kitu kimoja tu kilikuwa wazi: mzee lazima ajue, na hakuna kinywa cha Ekerenyo kinachoweza kumwambia. Hapo ndipo nikakumbuka ile sheria. Maneno ya mkalimani si yake.

Asubuhi ile nikamwendea Bwana Mutiso akifunga tai. "Leo eleza yote," nikamwambia. "Usiruke choo. Wageni wanataka kusikia sayansi."

"Kumbe umekubali!" akasema kwa furaha. Sikuwa nimekubali wala kukataa.

Jiko lilitolewa nje likawekwa juu ya meza uani, bomba la mpira likavutwa kutoka jikoni, ili kila mtu aone. Wageni wakaketi kwenye viti vya kanisa. Wazee wa ukoo upande mmoja, wanawake upande mwingine, Moraa nyuma kabisa karibu na migomba. Mzee Ombati alivaa koti. Bwana Mutiso akawasha.

Ndiyo mara ya kwanza mzee kuona moto wake. Aliusogelea akauangalia, bluu, hauna moshi, unavuma kidogo kama nyuki. Akageuka akawatazama wazee wenzake. Sijawahi kuona mzee mwenye fahari namna ile, na moyo wangu uliniuma, kwa sababu nilijua kinachokuja.

Bwana Mutiso akaeleza ng'ombe, nikageuza. Akaeleza pipa, nikageuza. Kisha akanyoosha mkono mzima kuelekea choo cha simiti, akasema kwa sauti: "Na nguvu zaidi ya moto huu inatoka kwenye choo cha Mzee Ombati mwenyewe, kwa bomba, mpaka kwenye jiko la mke wa mwanawe."

Nikakazia macho mlango wa kile choo, si uso wa mzee, nikasema kwa Kigusii: "Bwana huyu anasema." Nikayatoa yote. Choo. Bomba. Jiko la mke wa mwanawe. Neno kwa neno.

Wazee waliinamisha vichwa kwa pamoja. Mwanamke mmoja alivuta leso akajifunika uso. Wageni wakapiga makofi. Walidhani tunatoa heshima.

Mzee Ombati hakusogea. Alitazama moto. Akatazama bomba likienda chini ya migomba. Akatazama choo chake kizuri chenye kitasa. Kisha macho yake yakapita juu ya wanawake wote mpaka kwa Moraa, yakarudi haraka chini, kama inavyotakiwa.

"Mwambie azime," akaniambia.

"Anasema uzime," nikamwambia Bwana Mutiso.

"Nizime? Ugali haujaiva!"

"Anasema ugali haujaiva, tata."

"Azime."

Akazima. Bwana mkubwa kutoka mkoani akainama kwa mwenzake wa kampuni, nikamsikia akiuliza: "Kwa hivyo mtambo huu unafanya kazi ama haufanyi?" Yule wa kampuni akamtazama Bwana Mutiso. Bwana Mutiso akanitazama mimi. Mimi nikamtazama kuku mmoja aliyekuwa anapita.

Mzee akaketi kwenye kiti chake. Akavua kofia akaiweka gotini. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida, bila kumtazama mtu, kama anaongea na ua wa boma: "Jikoni kuna mafiga. Mwenye mafiga na apike. Nina njaa."

Moraa alikuwa amekwisha kuondoka kwenye migomba kabla hajamaliza kusema. Moshi ulipotoka kwenye paa la jiko lake sijui kama alikuwa analia ama ni kuni mbichi. Wageni walisubiri sana. Walikula ugali wa mafiga, macho yanawatoka machozi, jiko la gesi limekaa mezani mbele yao limepoa. Mzee Ombati alikula akaongeza. Kaka za Moraa hawakuitwa.

Gari la idara halikurudi Ekerenyo. Kituo kilikaa kidogo, kisha shimo langu la Mosocho likaachwa, pipa likaota kutu, na mimi nikarudi kwenye chai yangu. Bwana Mutiso alipokuja kuniaga hakuwa na hasira. Aliniuliza tu: "Mama Kerubo, tulikosea wapi hasa?" Nikamwambia nikijua nitamtumia salamu. Bado hajazipata.

Mzee alikata lile bomba mwenyewe. Kwa mavi ya ng'ombe peke yake moto ulirudi kuwa mdogo, wa chai ya asubuhi tu, na Moraa aliutumia miaka mingi bila neno.

Moraa sasa ni mzee kama mimi. Mwezi uliopita mwanawe alimletea mtambo mpya, wa mfuko wa plastiki, na choo kimeungwa humo humo. Aliniita niende kuuona. Mke wa mwanawe akatuchemshia chai kwa moto wa bluu, akatuwekea mezani, akaenda kujibu simu.

"Choo ni cha nani?" nikamuuliza Moraa.

"Changu," akasema. Akafikiri. "Kwenye ensoni, mama mkwe naye anahesabiwa?"

"Hiyo hatukuwahi kuambiwa."

Vikombe vilikuwa mbele yetu, vinatoa mvuke. Tukakaa tukivitazama, kila mmoja akingoja mwenzake aanze.